Maswali ya Wasomaji: Mvua Imepungua Kidogo, Mbona Mto Umepungua Sana?

SWALI: Mhariri, nimelinganisha takwimu za mvua na vipimo vya mto mmoja kwa miaka mingi. Mvua imepungua kwa sehemu moja ya kumi, lakini maji ya mto yamepungua kwa robo nzima. Je, tofauti hiyo ni ushahidi kwamba kuna watu wanaoyachota? Na tukipanda miti milimani, mto utarudi kuwa kama zamani?

JIBU: Tofauti hiyo peke yake haimtii mtu yeyote hatiani, ndugu msomaji. Maji ya mto ni masalio ya mvua baada ya jua, udongo na mimea kuchukua sehemu yao, na kwa mabara yote ya dunia kwa jumla masalio hayo ni zaidi kidogo tu ya theluthi moja ya mvua. Tuchukue mfano wa hesabu: bonde linapata milimita 800 za mvua kwa mwaka, 640 zinarudi hewani kama mvuke, na mto unabakiwa na 160. Mvua ikishuka hadi 720, mvuke nao hupungua, lakini si kwa kiasi kilekile, kwa kuwa mimea huendelea kunywa kila inachokipata. Tuseme unafika 600. Mto sasa una 120, yaani umepoteza robo ya maji yake, na hakuna aliyechota hata ndoo moja. Kusini-magharibi mwa Australia, mvua iliyopungua kwa chini ya robo tangu miaka ya 1970 imepunguza maji yanayoingia katika mabwawa ya jiji la Perth kwa zaidi ya nusu. Joto likiongezeka, upungufu huzidi hata mvua isipobadilika.

Hata hivyo, mkono wa binadamu mara nyingine huwa mzito kuliko hali ya hewa. Mito ya Amu Darya na Syr Darya ya Asia ya Kati ilielekezwa kwenye mashamba ya pamba kwa wingi kuanzia miaka ya 1960 hadi Bahari ya Aral ikakaribia kutoweka, na mwaka 1997 mto Huang He wa China haukufika baharini kwa siku 226, ukame na umwagiliaji vikiwa vimeshirikiana. Ili kutenganisha michango hiyo, wataalamu hutafuta uhusiano wa mvua, joto na mtiririko katika miaka iliyotangulia mabwawa na skimu, kisha hukadiria kwa uhusiano huohuo maji ambayo mvua ya sasa ingepaswa kutoa. Upungufu unaobaki ndio huhesabiwa kuwa kazi ya binadamu. Mimi huitumia njia hii kwa tahadhari, maana kosa la kipimo cha mvua linaweza kuishia kubebeshwa mkulima.

Kuhusu miti, jibu litawaudhi wengi. Majaribio ya mabonde pacha, ambapo moja hukatwa miti na jingine huachwa, yameonyesha, kwa mfano huko Coweeta nchini Marekani, kwamba msitu ukiondolewa maji ya mwaka huongezeka, na ukirudi hupungua. Ndiyo maana sheria ya maji ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 inayahesabu mashamba ya miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza mtiririko. Lakini udongo uliokanyagwa na mifugo hadi ukashikamana haupenyezi maji; mvua huteleza juu yake na kuwa mafuriko ya saa chache, na kiangazi hakikuti akiba. Hapo miti inayofungua udongo inaweza kuongeza maji ya kiangazi hata ikipunguza ya mwaka, mradi yanayopenya yazidi yanayonywewa.

Kwa mto wako, basi, tenganisha kwanza vipimo vya miezi ya mvua na vya kiangazi. Ikiwa mafuriko yamepanda na kiangazi kimeshuka, kauchunguze udongo. Ikiwa vyote vimeshuka pamoja, rudi kwenye mvua na joto. Na ikiwa kiangazi pekee ndicho kilichoshuka, tafuta kumbukumbu za vibali vya kuchota maji na za visima vilivyo kando ya mto.