Elfu 60 za viti: nilivyomfuata mdeni wangu Mahakama ya Madai Madogo

Ndugu fundi, umeuliza kama kuna haja ya kumshtaki mteja aliyekataa kukumalizia elfu 60 za viti. Mimi nilipita njia hiyo hapa Nairobi. Nachomelea mageti, na jamaa mmoja alikaa na 87,000 zangu mwaka mzima. Nikipiga simu, "wiki ijayo, fundi."

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza deni lisilozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Wakili si lazima. Nilijisimamia mwenyewe, kwa Kiswahili changu cha karakana. (Kesi ya mshahara au ya umiliki wa shamba usiipeleke huko, zina korti zake.)

Kwanza nilimwandikia barua ya madai, nikampa siku 14, nikatunza nakala. Mkataba sikuwa nao. Nilikuwa na taarifa ya M-Pesa ya malipo ya kwanza na jumbe za WhatsApp, mmoja akiandika: "Geti iko sawa, balansi natuma end month." Nilizichapisha zote zikiwa na tarehe. Siku ya kusikilizwa akaja na hadithi eti geti lilipinda. Mwamuzi akamuuliza alilalamika lini. Akaanza kuangalia viatu vyake. Ujumbe ule mmoja ulinibeba kuliko maneno yangu yote.

Nikashinda, nikadhani pesa zitaingia jioni hiyo. Wapi! Wiki tatu, kimya. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana hukumu ni karatasi tu mpaka urudi kuomba itekelezwe. Nilirudi. Dalali wa korti akaenda kwake, akaandika orodha ya vitu vinavyoweza kuchukuliwa, akampa siku 7. Pikapu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Kesho yake asubuhi simu yangu ikalia: 50,000. Zilizobaki alizimaliza kwa mara mbili.

Angekuwa hana pikapu, sijui ningekuwa naandika nini hapa. Ndiyo maana nasema, kabla hujalipa ada ya kufungua kesi, chunguza ana nini na anapatikana wapi, maana hati za korti lazima zimfikie. Kama hana kitu lakini yuko tayari kutia sahihi alipe kidogo kidogo, mimi ningechukua hiyo.

Huyo wako ana duka, au ni wa kuhamahama? Na jina lake kamili unalijua, ama ni lile la mtaani tu?