Barua kwa mwanangu: Kengeja hasa

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata. Simu sikuipokea kwa makusudi, maana mambo haya yakizungumzwa kwa simu yananipandisha presha. Umeniuliza: mama yako mkubwa alipomwambia mchumba wako "asili yenu wapi hasa?", alikuwa anamtusi au anamkaribisha? Unataka jibu la neno moja. Hilo sina.

Kuuliza kwao mtu si kosa. Nyumba inayopokea posa lazima iulize: babu nani, bibi nani, nani kamnyonyesha nani, tusije tukaozesha ndugu wa ziwa. Hata mimi ningeuliza. Na kijana kajibu vizuri tu, Kengeja, hapa hapa Pemba. Mazungumzo yangeishia hapo wala usingeniandikia. Tatizo ni hiyo "hasa". Kengeja aliyozaliwa yeye na baba yake haikutosha, ikatafutwa nyingine nyuma yake, mpaka mtoto wa watu akatamka kwamba babu yake alitoka Tabora kuja kuchuma karafuu. Ndipo wote mle ndani wakaitikia "aaa". Siku zote nawaambia: anayekuuliza kwenu hasa keshajijibu.

Lakini pengine namuonea. Dada yangu hajui kukaa na mtu bila kumchimbua, unamjua. Hata fundi aliyekuja kutengeneza paa kaondoka kaacha majina ya mababu zake. Sawa. Ila sijamsikia hata siku moja akimwambia "hasa" mtu mweupe. Mwenye pua ya upanga akisema kwao Mkoani, basi ni wa Mkoani, na chai inaletwa.

Kisa cha bibi yenu na jamvi la karafuu mnakijua, ila mmezoea kukisimulia nusu, ile ya kuchekesha. Ulikuwa msimu mkubwa. Tumekaa uwani tunachambua, karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule, vidole vinanuka hata ukila wali unaonja karafuu. Akaja mgeni kutoka mjini, mke wa mtu mwenye jina lake. Akatandikiwa mkeka, na yeye akajitia kuchambua. Akamshika dada yangu kidevu: "Huyu kachukua kwa baba." Kisha akanigeukia mimi, asiniguse. "Na huyu masikini kachukua kwa mama."

Wala hakukusudia ubaya. Aliitamka ile "masikini" kwa huruma ya kweli, kama anayempa pole mgonjwa wa homa. Nami nilikuwa mtoto, nimeshiba, baba yangu yu hai, kanga mpya kiunoni. Nikajitazama mikono nisiuone huo umasikini uko wapi.

Bibi yenu hakuinua kichwa. "Kachukua kwangu," alisema. "Na hizo karafuu unazochambua zimechukua kwangu pia. Shamba hili langu."

Hapo ndipo mnapocheka. Nusu ya pili ni kwamba usiku ule dada aliniachia upande wake wa kitanda, ule wa dirishani, bila ya kuombwa. Na asubuhi nikamkuta mbele ya kioo cha mama, anajitazama pua. Aliambiwa kitu na yeye pia siku ile, na nahisi bado anakitunza.

Bibi yenu alikuwa msichana wakati wa Vita Kuu ya Pili, akikumbuka mgao wa chakula ulivyokwenda kwa jamii, na mchele ulivyowajua Waarabu na Wahindi kuliko wengine. "Hapo ndipo watu walipojifunza kujiandikisha kabila jingine," akisema. Nilipokuja kusomesha historia skuli nikaona hakukosea sana, ila watu walianza mapema zaidi. Sensa ya 1924 imejaa maelfu ya Waswahili. Ya 1948 wamebaki wachache mno, na Washirazi, wenyeji wanaojinasibu na Uajemi, wametapakaa kila pahala. Nyumba zile zile, watu na watoto wao. Kisha zikaja zama za siasa, na "mgeni" na "mwenyeji", maneno ya kupokeana mlangoni, yakawa ya kuambiana nani afunge mizigo. Juni 1961, katika ghasia za uchaguzi, wakauawa watu 68 kule Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mambo yakageuka, aliyekuwa akijivunia babu yake wa Manga, yaani Arabuni, akaanza kumficha. Tangu sensa ya 1967 Serikali haijamuuliza mtu kabila lake. Barazani hatujaacha.

Na usisahau mwaka 2016, lilipopitishwa lile bango la kuwatukana machotara kwenye sherehe za Mapinduzi. Wewe ulinipigia umekasirika. Mama yako mkubwa hakupiga, wala siku ile hakutoka nje. Bango lilikuwa likimsema yeye. Mtu aliyeulizwa "kwenu hasa" kwa bango zima, vipi akae sebuleni amuulize hivyo hivyo mtoto wa mwenziwe? Hapo ndipo ninaposhindwa. Labda ndiyo sababu yenyewe. Labda anatafuta wa kumpitishia. Au ni mazoea tu, na mimi ndiye ninayetia chumvi kwa sababu ya ile "masikini" ya miaka ile. Anayekuuliza kwenu hasa keshajijibu, nasema tena, lakini sijasema kajijibu nini.

Ulimi unaniwasha, mwanangu, nisikufiche. Ila yule ni dada yangu, na sitamhukumu kwa barua ambayo utamsomea mchumba wako.

Waambie wazee wake waje Ijumaa baada ya Laasiri. Atakayepokea na kuuliza ni mjomba wako, nimeshazungumza naye, na ataanza na habari za ndugu wa ziwa. Mambo ya mahari niandikie mbali, na usiyapitishe kwa kaka yako.

Mama yako,
Wete