Mimi mchuuzi, yeye investa?

SWALI: Senga (shangazi mshauri) jambo. Mimi mama Mkongo, nakaa Nsambya, hapa Kampala. Kwetu Bukavu nilikuwa mwalimu wa sekondari na diploma yangu ya chuo ninayo, hapa natembeza vitenge na hereni. Kazi siichukii, kinachoniuma ni kuitwa "wale Wakongo wa vitenge" na kufukuzwa barabarani, halafu pale Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, kuna Mchina anauza malapa jozi moja moja kama mimi tu, huyo wanamwita investa, yaani mwekezaji. Mume wangu naye hanisaidii, eti kutembeza nguo ni kazi ya wanawake. Kwani nafanya kazi ya aibu?

JIBU: Aibu gani mama! Watu wanaangalia nani anaifanya ndo wanaipa kazi heshima. Kupika nyumbani ni kwa mwanamke na hakuna anayelipa, nenda hoteli kubwa uone mwanaume na kofia ndefu anaitwa shefu. Hata huko Soviet zamani madaktari wengi walikuwa wanawake, na mshahara wao ulikuwa chini kuliko wa fundi wa kiwandani. Marekani nako, ile kompyuta ya ENIAC ya 1946 walioipangia programu ni wanawake 6, enzi hizo ikaonekana kazi ya makarani tu, leo programa anatembea kifua mbele.

Hiyo ya utaifa hapa kwetu Uganda tumeirithi, mkoloni aliweka Mzungu ofisini, Mhindi dukani na kwenye jineri (kiwanda cha kuchambua pamba), Mwafrika shambani, mpaka 1949 wakulima wa Buganda wakafanya fujo wakidai wachambue pamba yao wenyewe. 1972 rais Idi Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke, maduka yakagawiwa, ila mawazo kwamba mgeni huyu ni tajiri na yule ni maskini yalibaki palepale. Mtaji wa huyo investa wako mimi siujui, labda anao, lakini malapa ni malapa.

Wewe diploma ipeleke baraza la elimu ya juu, NCHE, waipime na ya hapa, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi kama una kitambulisho cha mkimbizi. Vitenge usiache kwanza, vinalipa rent. Na huyo baba muulize, mafundi cherehani wanaume waliojaa Kampala wanashona magauni ya nani? Akizidi kubisha mwachie daftari la madeni, azunguke yeye kudai wateja wiki nzima.