Ukipotea katikati ya rasimu

Ndugu, unasema umeandika riwaya yako mbio mpaka sura ya kumi na sasa hujui tena hadithi inaelekea wapi. Usifute kitu, na tafadhali usirudi sura ya kwanza kuanza kusahihisha. Rasimu nyingi hufia hapo. Anayelenga maneno 50,000 kwa siku 30 anapaswa kuandika kama 1,667 kila siku. Kwa kasi hiyo, kupotea ni jambo la kutarajiwa.

Mara nyingi kosa haliko pale ulipokwama, liko nyuma kidogo. Soma harakaharaka kurudi nyuma mpaka uikute sura ya mwisho ambayo mhusika mkuu alitaka kitu akazuiwa kukipata. Tuseme msichana anamtafuta kaka yake aliyetoweka, halafu sura tatu nzima zinapita kwenye sherehe na ugomvi na jirani, kaka hatajwi hata mara moja. Uzi umekatikia hapo. Weka alama tu, "hapa barua ya kaka inafika", kisha endelea mbele kana kwamba ilishafika. Kurekebisha ni kazi ya rasimu ya pili.

Na kama mwisho huujui, andika tukio la mwisho leo hii, hata likiwa bovu. Kwangu hilo lina faida kuliko mpangilio mrefu wa sura. Halafu kila jioni jiachie sentensi moja ya kesho inayoanza na "lakini" au "kwa hiyo". Ukiona inakuja "halafu" tu, mgogoro umekwisha nguvu. Mnyime mhusika kitu.