Alinitaja majina yangu yote matatu ndani ya daladala

SWALI: Anti shikamoo. Mimi nafanya biashara ya viazi Uyole na nashukia Ilomba kila siku jioni. Wiki iliyopita nimepanda Hiace imejaa, kabaridi ka Julai si unakajua, madirisha yote yamefungwa, mteja wangu wa Dar akapiga anataka kunitumia hela nikawa namtajia namba, muziki uko juu ikabidi nirudie mara mbili kwa sauti. Tulivyofika Nane Nane mkaka niliyekaa naye akaniwekea rambo la maparachichi mapajani hata hajaomba, akanisalimia kwa Kinyakyusa "ugonile", alafu taratibu kabisa akanitaja majina yangu yote matatu. Anti hilo la tatu silitumii popote, hata wapangaji wenzangu hawalijui! Akasema "leo tunashuka wote". Nilikufa ganzi. Ilomba ilivyofika sikushuka, nikamwambia konda kwa nguvu simjui huyu na ananisumbua, konda akamwambia shuka, akashuka, rambo akaliacha kwangu. Mimi nikaenda kushukia Kabwe, nikarudi na bajaji. Kesho yake namba ngeni imepiga mara tatu, napokea mtu kimya. Wenzangu wanasema nimechezewa, niende kwa mtaalamu. Silali. Nifanyeje?
Mama Viazi, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Nimesoma barua yako mara mbili na hapo kwenye "tunashuka wote" hata mimi nimesisimka.

Kwa mtaalamu usiende, hela yako ya viazi itaishia huko. Jina lako la tatu amelipata kwenye simu. Namba uliitaja mara mbili, yeye yuko pembeni, akaiandika kwenye menyu ya kutuma pesa kama anayetaka kukutumia, kabla hajaweka namba ya siri tayari jina la mwenye laini limetokea, na laini zetu tumesajili kwa NIDA na alama za vidole, kwa hiyo linakuja lile la kwenye kitambulisho na sio tunalokuita sisi. Ubini akishauona anakisia kwenu ni Rungwe au Kyela, ndo hiyo ugonile. Na simu za kesho yake ndo zinanihakikishia, maana namba anayo.

Kutokushuka Ilomba ulifanya jambo la maana sana, tena Kabwe kuna watu na taa. Sisi huku tumelelewa kuitikia salamu na kumshikia mtu mzigo kwenye gari na ni adabu nzuri, ila mtu akishakutisha hudaiwi adabu tena, hata lile rambo ungemrudishia pale pale.

Sasa hiyo namba usiifute. Piga picha orodha ya simu zilizoingia, andika siku na saa, nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto, waeleze kama ulivyonieleza mimi, usipunguze kwa aibu. Hiyo namba nayo ina mwenyewe aliyeisajili na polisi wana njia ya kumpata. Ukimuona tena karibu na kwako usisubiri asubuhi, piga 112. Mwenye nyumba na wapangaji wenzako waambie leo, na wiki hizi mbili tatu ukifika Ilomba mtu akupokee kituoni.

Kuhusu wateja, namba watumie kwa meseji, au bora ufungue lipa namba ambayo inaonyesha jina la biashara, uandike hata Viazi Uyole, majina yako ya kwenu yakae nyumbani.

Maparachichi yatupe, hujui yametoka wapi. Na huyo konda ukipanda tena gari lake mshukuru, umuombe na namba yake, maana polisi watakuuliza nani mwingine alimuona.