Simu Imeenda Uganda, Mimi Niko Ufuoni

SWALI: Fundi, nauza omena hapa Port Victoria, Busia. Nikishuka ufuoni alfajiri kungoja mashua, simu inaniandikia "Karibu Uganda" na kredito inaisha kabla sijapigia mteja hata mmoja. Nani ananila?

JIBU: Pole, mama. Simu haijui mpaka, inajua mawimbi ya mnara wa simu. Juu ya maji hakuna kilima wala miti ya kuyazuia, basi mnara wa ng'ambo unakufikia vizuri, ilhali kule milima ya Nandi ukishuka bonde moja tu mtandao umepotea. Simu hupenda mtandao wa nyumbani kwanza, lakini huo ukidhoofika (umesimama nyuma ya mwinuko, au stima imepotea na betri za mnara zimeisha) inarukia wa jirani.

Anayekula hasa ni data. WhatsApp inapakua picha za mashemeji kimyakimya, kwa bei ya ugenini! Zima romingi ya data (kutumia intaneti kwa mtandao wa nchi nyingine) leo hii. Kisha, kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, ondoa kule kuchagua kiotomatiki, uchague kampuni yako mwenyewe. Ubaya wake: mtandao wako ukikatika, hutapata kitu chochote. Mimi ningeona heri hivyo. M-Pesa haihitaji intaneti, hata 2G, ule mtandao wa zamani wa polepole, inatosha, kwa hivyo sogea juu kidogo, mbali na maji, wateja wakilipa.

Ukivuka kweli kwenda Uganda, rudisha kiotomatiki.