Vipindi vingi kwenye DVD moja: hesabu dakika, achana na mega

Swali linalonifikia mara nyingi kwenye kibanda changu hapa Kadutu, Bukavu, ni hili: "Yaya, mafaili yangu kila moja ni mega 350, na DVD ni giga 4.7. Mbona unaniambia sita tu, wakati kumi na mawili yanaingia?" Anayeuliza hesabu yake iko sawa. Kinachomponza ni kudhani kwamba faili linaingia kwenye DVD jinsi lilivyo kwenye flashi.

Deki ya nyumbani ina masharti yake. DVD ya kawaida, ile ambayo ukiitia tu inafungua menyu, ilianza kuuzwa mwaka 1996, na picha zake zinatakiwa ziwe MPEG-2 au MPEG-1. Mafaili tunayoletewa siku hizi ni Xvid au H.264, mitindo iliyokuja baadaye na inayobana picha vizuri zaidi. Ukigeuza, unatoka kwenye mbano mkali kwenda kwenye mlegevu, na ukubwa wa faili la mwanzo hauna kazi tena. Kipindi cha dakika 42, kiwe kimekuja na mega 350 au giga nzima, kitakula nafasi ileile ukikipa biti (chembe za data) zilezile kwa kila sekunde.

Basi kinachopimwa ni dakika. Mimi nachukua 600,000 (nafasi ya DVD kwa kilobiti, iliyogawanywa kwa sekunde 60), nagawa kwa jumla ya dakika za vipindi vyote. Jibu ni kasi, yaani kilobiti kwa sekunde, picha na sauti pamoja, na hapo nimekwisha kubakiza nafasi kidogo ya menyu na tahadhari. Vipindi sita vya dakika 42 ni dakika 252: unapata kama 2,380. Vinane ni dakika 336: 1,785. Kumi ni dakika 420: 1,430 hivi. Ukishaliona jibu, ndipo unajua kama unamwahidi mteja kitu cha kweli au unamdanganya.

Sasa, watu wengi wakishapata 1,785 wanaiandika kwenye programu na kuacha picha ikiwa pikseli 720 kwa 576, ukubwa kamili wa PAL, mfumo wa televisheni. Matokeo yake ni vigae. Mtu akiwa amekaa anaongea tu, uso unapita. Lakini weka ziwa letu lenye viwimbi, mvua ikinyesha kwenye mabati, au ukumbi wa harusi watu wakicheza chini ya taa za rangi, na skrini nzima inakatikakatika kuwa miraba. Biti chache zimetandazwa juu ya pikseli nyingi, kama shuka ya mtoto kwenye kitanda cha watu wazima. Dawa ni kupunguza upana. DVD inaruhusu pia 352 kwa 576: urefu wa kusimama unabaki uleule, upana unakatwa nusu, na deki yenyewe inautanua wakati wa kucheza. Kwenye televisheni yenye chogo, ambazo bado ni nyingi Bagira na vijijini kuelekea Walungu, hutaona tofauti kubwa. Kwenye televisheni bapa, nyuso zinalainika kidogo, ila afadhali ulaini kuliko vigae.

Mpaka wangu ni huu. Juu ya 3,000, bakia kwenye 720. Kati ya 1,500 na 3,000, nenda 352 kwa 576. Chini ya hapo kuna 352 kwa 288, ubora wa zile VCD za zamani, na DVD moja inabeba zaidi ya saa saba. Kwa mahubiri ya mchungaji aliyesimama mahali pamoja, inatosha kabisa. Kwa maigizo yenye kukimbizana usiku, mimi sikubali kuitoa dukani kwangu.

Sauti ndiyo mwizi asiyeshukiwa. Kuna programu ambazo, usipozikagua, zinaweka sauti ya PCM isiyobanwa, na hiyo peke yake inakula kilobiti 1,536 kila sekunde. Rudi kwenye vipindi vyetu vinane: kati ya 1,785, picha ingebakiwa na 249. Weka AC-3, sauti iliyobanwa, ya 192, stereo, basi. Hata 448 ni kumwaga mali, maana mteja anasikiliza kupitia vispika viwili vya televisheni. Kwa mahubiri 128 inanitosha.

Halafu kata. Kila kipindi kina "yaliyopita", wimbo wa mwanzo, na majina marefu mwishoni. Ukiondoa dakika tatu kwa kila kipindi, vinane vinashuka kutoka dakika 336 hadi 312, na kasi inapanda kutoka 1,785 hadi 1,923. Ni ubora wa bure. Ila uliza kwanza. Kuna akina mama ambao wimbo wa mwanzo kwao ni sehemu ya kipindi, na ukiukata utalaumiwa wewe. Mimi nauacha kwenye kipindi cha kwanza tu, na sijapata kesi.

Kasi ikiwa chini ya 2,000, tumia usimbaji (ugeuzaji) wa mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza programu inapita tu ikitazama wapi pagumu na wapi parahisi, wa pili inagawa biti kufuatana na ugumu: mazungumzo yanapewa kidogo, ngoma inapewa zaidi. Ndiyo, unachukua muda mrefu, na kwa umeme wetu huu au mafuta ya grupu (jenereta) ni gharama. Kwa vipindi vinne kwenye diski sihangaiki nao. Kwa vinane siuruki.

Video zilizopigwa usiku kwa simu zina punje punje zinazochezacheza kwenye giza. Kwa macho yako ni uchafu, lakini programu inaziona kama mwendo na kuzigharamia biti. Kichujio cha kusafisha punje, kikiwekwa kwa kiasi kidogo, kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kikizidi, watu wanakuwa na nyuso za nta.

Kabla ya kugeuza kazi yote, kata dakika tatu za sehemu mbaya kuliko zote, si sehemu nzuri, uigeuze kwa kasi uliyoipata, uichome kwenye DVD-RW, ile inayofutika, na uitazame kwenye televisheni. Skrini ya kompyuta itakudanganya, kwa uzuri au kwa ubaya.

Kuchoma: tengeneza kwanza faili moja lenye nakala ya diski nzima (ISO), kisha choma kutoka humo, kompyuta ikiwa na betri yenye chaji. Umeme ukikatika katikati, DVD-R, ile isiyofutika, imekwenda. Kasi ya 4x inanitosha. Usijaze hadi ukingo wa nje. Deki zilizochoka hukwama huko, na huko ndiko kipindi cha mwisho kinakaa. Diski za tabaka mbili za giga 8.5 zipo, ila ni ghali na deki za bei nafuu mara nyingi zinasita katikati, kwa hiyo sizishauri.

Na yule wa vipindi kumi na viwili? Ana njia. Muulize kama deki yake ina alama ya DivX, yaani inasoma mafaili ya Xvid jinsi yalivyo. Kama ipo, achana na DVD ya menyu, choma diski ya data. Mafaili kumi na mawili ya mega 350 ni mega 4,200, na diski inabeba karibu 4,480 kwa hesabu ya kompyuta. Sharti yawe AVI ya Xvid, upana usizidi 720, sauti MP3; zikiwa H.264 au MKV, deki hizo nyingi zitakuandikia kwamba hazisomi, kwa hiyo zigeuze kwanza kuwa Xvid. Majina yawe mafupi na yaanze kwa 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, deki nyingi zitacheza kipindi cha 10 kabla ya cha 2, na mteja atapanda tena mlima wa Kadutu kuja kukudai.